Nilimshinda shemeji kwa aya, sasa nyumba yangu imenuna

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Masasi mjini. Mbele ya duka pana mabenchi mawili na bao, na baada ya alasiri muuza kahawa hutua birika lake pale, basi pamegeuka kijiwe. Jina langu naomba lisitoke. Masasi tunajuana.

Mke wangu katoka kwenye familia ya Waanglikana. Alisilimu tulipooana, ni miaka 18 sasa. Siku zile wajomba zake walisusa, wakasema hawali pilau ya mtu aliyewachukulia mtoto. Aliyesimama upande wetu ni kaka yake mkubwa. Aliazima kanzu ili asionekane mgeni kwenye ndoa, akakaa mkekani mpaka mwisho. Ni katekista kijijini kwao na mkulima wa mikorosho, na mwaka mmoja korosho zilipolipa vizuri tulichanga tukanunua mashine ya kupulizia salfa, nusu yake nusu yangu. Jumamosi akija mjini alikuwa hapiti kijiweni bila kukaa.

Mwaka jana nikaanza kuangalia mihadhara kwenye simu. Mtu anasimama na Biblia mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili, anataja sura na mstari bila kufungua kitabu, na wa upande wa pili anafuta jasho. Kila hoja ikipigiliwa, watu takbira. Nikanogewa. Nafunga duka naangalia, nakula naangalia. Aya zilizonifurahisha niliziandika nyuma ya daftari la madeni la dukani.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua imewafungia watu barazani kwangu, nikamwanza shemeji. Nikamuuliza: Daudi alipowahesabu watu, nani alimchochea? Samweli wa Pili 24 inasema ni hasira ya Bwana, Mambo ya Nyakati wa Kwanza 21 inasema ni Shetani. Na hesabu yenyewe, kitabu kimoja kinasema wanaume wa Israeli walikuwa 800,000, kingine 1,100,000. Nikamuuliza baba yake Yusufu mume wa Mariamu ni Yakobo kama alivyoandika Mathayo, au ni Heli kama alivyoandika Luka. Nikamalizia na ile inayoua: kama Yesu ni Mungu na alikufa, zile siku tatu dunia alikuwa anaiendesha nani? Kijiwe kililipuka. Muuza kahawa akagonganisha vikombe kama yuko ngomani.

Shemeji akasema, "Shemeji, umeniuliza maswali makubwa. Nipe wiki."

Jumamosi iliyofuata akaja na karatasi nne, kaziandika kwa mkono pande zote mbili. Alitaka azisome mwenyewe. Nikamwambia, lete nikusomee, macho yako hayo ya kizee. Nikawa nasoma sentensi moja, natia maneno yangu, watu wanacheka. Karatasi ya tatu kaandika hivi: "Hili la tofauti ya hesabu bado sijapata jibu linaloniridhisha mwenyewe." Shangazi, hapo nilipanda juu ya benchi. Nikaurudia mstari ule mara tatu. Nikasema, katekista amekiri!

Hakugomba. Alikunja karatasi zake, akamaliza kikombe, akalipia kahawa ya watu wote waliokuwepo, akaaga. Hajakanyaga tena, ni miezi mitatu. Msimu wa salfa ulipoanza alikodi mashine ya mtu mwingine, na ile yetu imelala stoo kwangu.

Mke wangu ananipikia, akiitwa anaitika, maji ya kuoga ananiwekea. Zaidi ya hapo hana neno. Usiku mmoja nilipombana alisema mambo mawili tu. "Zile karatasi alianza kunisomea mimi jikoni, akaniuliza kama ameandika kwa adabu." Na la pili: "Kila ulipokuwa unawachekesha, mimi nilikuwa namuona mama." Akageukia ukutani.

Lakini lililonitia kalamu mkononi ni jingine. Mwanangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda cha tano. Juzi kanijia na simu, kakaa chini kwa heshima zote, akasema, "Baba, tujumlishe." Akafungua Surat Fussilat, aya ya 9 mpaka ya 12. Ardhi siku mbili, milima na riziki siku nne, mbingu siku mbili. Nane. Akafungua Al-A'raf aya ya 54: mbingu na ardhi siku sita. Halafu akauliza: Mungu anaweza kuumba jiwe zito ambalo Yeye mwenyewe hawezi kulinyanyua? Akiweza, lipo jiwe linalomshinda. Asipoweza, lipo jambo linalomshinda.

Nilimpokonya simu, nikamwambia hayo ni maneno ya kikafiri. Hajauliza tena. Msikitini anakwenda, lakini anakaa safu ya nyuma, na nikigeuka kutoa salamu nakuta ananitazama.

Sina usingizi. Nikisujudu jiwe lile linakuja. Kwa sheikh naona haya, maana kijiweni mimi ndiye naitwa Mhadhiri. Nimuendee shemeji? Nikiomba radhi si watasema nimeshindwa, mke amenivuta? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mhadhiri wa benchi, Masasi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekwama kwenye kahawa. Mtu amevuliwa nguo mbele za watu, kisha anawalipia wale wale waliomcheka. Nitairudia kahawa hiyo. Tulitoe jiwe kwanza, maana mtu asiyelala hashauriki.

Mimi nimekulia Lindi mjini. Chuoni, yaani madrasa, tulikaririshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu hata kusoma gazeti hatujui, na kabla ya sifa zenyewe mwalimu alitugawia mambo mafungu matatu. Wajibu, kisichoweza kukosekana. Muhali, kisichoweza kuwepo. Jaizi, kinachoweza kuwepo na kinachoweza kukosekana. Tuliyaimba kama kasuku, tukichapwa tukikosea mpangilio, na wala hakuna aliyetueleza yanafaa nini. Yanafaa hapa. Uwezo wa Mungu unafanya kazi kwenye jaizi. Muhali si kitu kilichojificha porini kikisubiri mwenye nguvu zaidi. Sema hivi: korosho iliyobanguliwa ambayo haijabanguliwa. Umetamka maneno manne, na ghala zima la chama cha msingi hutaipata, na si kwa sababu mtunza ghala ni mzembe. Hujataja korosho yoyote. Jiwe linalomshinda asiyeshindwa na kitu ni korosho hiyo hiyo.

Hilo halikutoka kichwani mwangu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilisema wazi: muhali hauwi katika hesabu ya yanayowezwa. Karne iliyofuata baada ya hiyo, padri mmoja wa Italia, Thomas Aquinas, akafika pale pale kwa njia yake: afadhali kusema jambo hilo haliwezi kufanyika kuliko kusema Mungu hawezi kulifanya. Kwa hiyo jiwe la mwanao lina jibu msikitini na lina jibu kanisani, na ni jibu moja. Ungemuuliza shemeji yako, huenda angekupa bure.

Siku nane nazo si ngeni. Wafasiri wa zamani waliziona, na jibu lao mashuhuri ni kwamba zile nne zimezibeba ndani yake mbili za kwanza. Wewe ukipanda basi hapo Masasi kisha ukanipigia simu, "Ndanda nimefika kwa saa moja, Mnazi Mmoja nimefika kwa saa tatu", mimi siandiki kwamba umesafiri saa nne. Mbili zimo ndani ya nne, ongeza mbili za mbingu, sita. Mwanao akitaka kubisha kwamba lugha ya aya haimlazimishi mtu kuisoma hivyo, mwache abishe, hiyo ni kazi ya kielimu na ina watu wake.

Sasa simama hapo kidogo, uangalie nimefanya nini. Nimekutana na hesabu isiyokaa sawa kwenye kitabu chako, na badala ya kupanda juu ya benchi nimeuliza: aliyesema alikusudia nini? Nimekisoma kama mtu anavyosoma barua ya baba yake. Kipimo hicho hicho ulikuwa nacho mkononi ile Jumamosi, ukakificha.

Chukua la Daudi. Wakristo wamelijadili tangu kale, na jibu ambalo wengi wao hulitoa ni kwamba Samweli anamtaja mwenye amri ya mwisho, Mambo ya Nyakati, kilichoandikwa baadaye, kinautaja mkono uliotumika. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu cha Ayubu, Shetani hafanyi kitu mpaka apewe ruhusa. Unaliona hilo ni ujanja? Basi wewe nawe unasoma kwamba Mwenyezi Mungu humwacha apotee amtakaye, na unasoma kwamba Ibilisi ameapa kuwapoteza wanadamu, na hujawahi kukosa usingizi kwa ajili ya aya hizo mbili. Umezipatanisha zamani bila hata kujua kwamba unazipatanisha.

La Yusufu mwenye baba wawili limenichekesha, na nakuambia kwa nini. Wewe ni mtu wa kusini. Wamakua, Wayao, Wamwera, Wamakonde, ukoo wetu wa asili unafuata upande wa mama. Mtoto kwenye kadi ya kliniki ana jina la baba, lakini pakitokea msiba wazee wanamhesabu kwa mjomba. Mtu wa kwetu anajua fika kwamba mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa njia mbili na asiwepo mwongo. Julius Africanus, Mkristo wa karne ya 3, alieleza jambo linalofanana na hilo: kwa Wayahudi ndugu humrithi mjane wa nduguye, mtoto akawa na baba wa damu na baba wa sheria. Wakristo wengine wanasema Luka ameandika nasaba ya Mariamu. Hawajakubaliana, na mimi siwaamulii. Nakuambia tu kwamba swali ulilolitoa kama kombora wamekaa nalo miaka 1,800.

Nije kwenye hesabu, 800,000 na 1,100,000. Wako wanaosema kitabu kimoja kimehesabu na askari wa zamu na kingine hakikuwahesabu. Wako wanaosema wanakili wa zamani walikosea tarakimu. Shemeji yako bila shaka amepitia maelezo ya namna hiyo, hayakumtosha, na mwanaume yule, katekista, akijua anakuja kusoma mbele ya kijiwe, akaandika kwa mkono wake kwamba jibu la kumridhisha hajalipata.

Mwanangu, mstari huo ndio wa thamani kuliko yote iliyosemwa barazani kwako tangu ulipofungua duka. Imamu Malik wa Madina anatajwa mpaka leo kwa wingi wa maswali aliyoyajibu "sijui", na watu walikuwa wamesafiri kutoka mbali kuja kumuuliza. Wewe "sijui" ya shemeji yako umeirudia mara tatu ukiwa juu ya benchi. Mwezi wa saba "sijui" ikaja kwako na miguu yake, ikakaa chini kwa heshima, ikasema baba tujumlishe, na hukuwa na ujasiri wa kuitamka. Ulipokonya simu.

Limebaki lile la siku tatu, na hili nataka nikae nalo, kwa sababu ndilo mlilolichekea zaidi na ndilo lenye kina zaidi.

Wakristo hawajasema kwamba Uungu ulizimika kama taa siku ya Ijumaa. Mwaka 451 maaskofu wao walikutana Kalkedoni wakaweka kanuni: Kristo mmoja, mwenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, hazichanganyiki wala hazitenganishwi. Kufa ni kwa ubinadamu wake. Kuendesha dunia hakukukatika. Unaweza ukaikataa kanuni hiyo, na kama Mwislamu utaikataa, ila utakuwa umekataa walichosema wao, siyo katuni yako ya mfalme aliyeacha ofisi bila kaimu.

Na kabla hujaicheka, angalia nyumbani. Tuliokaririshwa sifa ishirini tuliambiwa pia kwamba elimu ya Mungu, uwezo wake na maneno yake ni vya tangu na tangu. Je, sifa hizo ni Yeye mwenyewe, au ni vitu vingine vilivyokuwepo pamoja naye? Ukisema ni vingine umeongeza wa milele. Ukisema ni Yeye tu basi elimu na uwezo ni kitu kimoja. Maulamaa wa Kiashari, shule moja ya itikadi ya Kiislamu, wakajibu: si Yeye, wala si visivyo Yeye. Mwambie hayo muuza kahawa uone kama hatagonganisha vikombe.

Kwa swali hilo hilo la maneno ya Mungu watu walipigwa mijeledi. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru wanazuoni wa Baghdad wahojiwe, wakiri kwamba Qurani imeumbwa. Imamu Ahmad ibn Hanbal akakataa. Akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa, na hakurudi nyuma. Alishikilia kwamba maneno ya Mungu hayakuumbwa. Kumbuka hapo kwamba karne tano kabla yake, mwaka 325 pale Nikea, maaskofu waligombana kuhusu Neno, yaani Kristo: je, limeumbwa, kama alivyosema Arius wa Iskandaria, au ni la tangu milele? Wakasema halikuumbwa. Kisha Wakristo wanasema Neno hilo lilifanyika mwili, na Waislamu wanasema maneno hayo yaliteremshwa kuwa kitabu.

Sisemi ni itikadi moja. Si moja, na anayekuambia ni moja anakupendezesha tu. Qurani inamwita Isa neno la Mungu alilompelekea Maryam, na aya hiyo hiyo inaendelea kuwaonya watu wasiseme watatu. Tofauti ipo, ni kubwa, na waliokufa nayo walikuwa wanajua wanachofia. Nasema fundo ni la aina moja: asiye na mwanzo anakutana vipi na kitu chenye mwanzo? Ukiliona fundo hilo kwako, utalicheka kwa jirani kwa sauti ya chini zaidi.

Sasa utaniuliza, basi tusijadili dini? Watu wengi wenye busara zao watakuambia hivyo. Mimi sikubaliani nao. Al-Ankabut aya ya 46 haikukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu, imetaka iwe kwa njia iliyo nzuri. Waraka wa Kwanza wa Petro, 3:15, unamtaka Mkristo awe tayari kumjibu kila anayemuuliza, "lakini kwa upole na kwa hofu". Shemeji yako alitimiza mstari huo neno kwa neno, na akaenda jikoni kuhakikisha upole umekaa sawa. Kilichoharibu ni benchi. Umati hauulizi swali, unahesabu mabao, na wewe ulikuwa umeshaanza kuwachezea wao.

Na hii simu nayo. Kwetu Lindi mwaka 1908 ilizuka barua iliyodaiwa imetoka Makka, ikisema mwisho umekaribia. Ikapita mkono kwa mkono, watu wakahemewa, serikali ya Wajerumani ikaingiwa na hofu. Karatasi moja tu, na wakati ule ilibidi mtu aketi ainakili. Wewe unapokea mihadhara kumi kwa usiku, umekatiwa vipande, kipande cha jibu kimeachwa. Haishangazi kwamba ulikuwa na maswali yote na huna jibu hata moja.

Haya, tuingie ndani. Anza na mkeo, usianze na kaka yake. Mwanamke huyu alihama dini kwa ajili yako, hakuhama tumbo alilotoka. Amejifunza sala za mama yake kabla ya zako, na pengine hata hajui zimepishana wapi, kwa kuwa maneno ni yale yale. Askofu Edward Steere, Mwanglikana aliyekuja Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha misheni hapo, Kiswahili alijifunzia Unguja kwa Waislamu. Imani, dhambi, rehema, malaika, nabii, sala: katekista hawezi kuhubiri dakika tano bila kuchota chuoni. Ukikejeli kwao unamkejeli yeye nusu. Usimwendee na zawadi ya kitenge. Mwambie ulichofanya kwa majina yake: nilimnyang'anya kaka yako karatasi, nikamsoma kwa kejeli, nikamcheka kwa kusema ukweli. Kisha nyamaza, hata akikaa kimya usiku kucha. Usimdai jibu.

Mtoto mrudishie simu leo. Sikiliza, angeweza kwenda na swali lile kwa vijana wenzake wakaligeuza mzaha kama mlivyofanya nyie watu wazima. Amekuletea baba yake, chini, kwa adabu. Mwambie, "Siku ile sikujua jibu, nikaona haya, nikakukaripia." Umueleze basi na korosho ukipenda. Halafu mwende wote wawili kwa sheikh, na wewe ndiye uulize, yeye asikie baba yake akiuliza. Kama sheikh huyo naye atasema hayo ni maneno ya kikafiri, tafuteni mwingine. Wapo, Kusini haijaishiwa wanazuoni.

Kuhusu hofu yako kwenye sijida: katika Sahihi ya Muslim imo habari ya masahaba waliomwendea Mtume wakasema wanapata ndani ya nafsi zao mambo ambayo ni mazito mno kuyatamka. Akawauliza, kweli mmeyapata? Wakasema naam. Akawaambia, hiyo ndiyo imani ya wazi. Walichopewa hakikuwa karipio. Kwa hiyo sujudu na jiwe lako.

Tumalizie kwa shemeji. Usimtumie ujumbe, na usitume mzee. Mzee anatumwa pale wawili wamekoseana, hapa amekosa mmoja. Salfa bado haijaisha huko mashambani. Ipakie ile mashine kwenye pikipiki, uende nayo kwake alfajiri, uingie shambani mpulize mikorosho yake mpaka jua likichoma muache. Mkiwa mmekaa chini mmejaa vumbi la salfa mpaka kwenye nyusi, mwombe radhi. Usichanganye radhi na hoja. Usiseme "ila kwa upande wa itikadi mimi bado". Anajua u Mwislamu, alikaa kwenye mkeka wako.

Hofu ya kuonekana umeshindwa nimeiacha mwisho kwa sababu ni ndogo. Itikadi yako haikuwa kwenye shindano lile, ulikuwa peke yako na watazamaji wako. Watakaosema mke amekuvuta waache waseme, wiki mbili watapata habari nyingine.

Lakini kosa la barazani halifutiki shambani tu. Muulize kama zile karatasi bado anazo, na kama yuko radhi kuja nazo Jumamosi moja. Akikataa, usimshurutishe, ana haki yake. Akikubali, mpe benchi lililo karibu na taa, asome mwenyewe kwa macho yake ya kizee, kurasa zote nane, pamoja na ule mstari wa karatasi ya tatu. Wewe kaa chini na daftari lako la madeni, na atakayecheka mwondoe kijiweni kwako, ni duka lako. Akimaliza, kama una swali la kweli, muulize.

Na kahawa ya siku hiyo, ya watu wote, ni juu yako.